Hodi ya Ziwani

Ukerewe ni kisiwa, na kisiwa hakina uchochoro wa kuingilia kimyakimya. Anayekuja huonekana kabla hajafika. Watu walio gatini Nansio huiona meli ya Mwanza ikiwa bado kidoa majini, nao wana muda wa kutosha kuulizana nani yumo, amebeba nini na atafikia kwa nani. Leo maswali hayo ni ya kupitishia wakati, huku mwenye bodaboda akisubiri abiria na mama wa dagaa akikunja magunia yake. Zamani yalikuwa maswali ya uhai. Mtumbwi wa ugenini uliweza kuleta chumvi, uliweza kuleta ndui, uliweza kuleta bunduki, na mwenye kisiwa alitakiwa aamue kabla haujagusa mchanga.

Huwa nauwazia sana muda huo ulio kati ya kuonekana na kukaribishwa. Historia ya Ukatoliki katika ziwa hili imezoeleka kuhesabiwa kwa parokia, kwa ubatizo, kwa majengo ya mawe na kengele zilizotoka Ulaya. Hesabu hizo zina heshima yake. Lakini moyo wangu hurudi kwenye miaka iliyotangulia, dini ilipokuwa bado imesimama uani, haijui kama itaambiwa karibu au itaambiwa irudi ilikotoka.

Tarehe 30 Desemba 1878 msafara wa Mapadre Weupe ulifika Kageye, ufukwe wa kusini wa ziwa, upande huu wa Mwanza. Ulikuwa umetoka Bagamoyo katikati ya mwaka huo, kwa miguu, ukipitia Tabora, na njiani ulikuwa umeshazika. Padre Joachim Pascal, aliyekuwa anawaongoza wenzake waliokusudiwa kwenda Tanganyika, alikuwa amefariki mwezi Agosti. Kundi la Nyanza liliongozwa na Léon Livinhac, mwenye umri wa miaka 32. Padre Siméon Lourdel alikuwa na miaka 25 tu. Aliyewatuma ni Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliyeanzisha shirika lao mwaka 1868 na kuwaagiza kwamba mavazi yao, chakula chao na lugha yao viwe vya watu wanaowaendea. Kwa kuwa shirika lilizaliwa Algeria, vazi lenyewe likawa kanzu nyeupe na joho la Kiarabu, na rozari shingoni. Mtu wa Kageye, aliyekwishazoea wafanyabiashara wa pwani, aliiona kanzu kabla hajauona msalaba. Hata sijui tucheke au tusicheke: Injili iliingia Nyanza imevaa kama jirani yake Mwislamu.

Hawakuwa na meli. Hawakuwa na askari wa serikali yoyote, kwa sababu mwaka huo hapakuwa na serikali ya Ulaya iliyokuwa na kituo katika maji haya. Mwezi Januari 1879 Lourdel na Bruda Amans wakatangulia kwa maji kwenda kumwomba ruhusa Kabaka Mutesa wa Buganda, wakatua karibu na Entebbe tarehe 17 Februari. Livinhac na wenzake wawili wakabaki Kageye wakingoja jibu. Mutesa alipokubali, ndipo mitumbwi ikarudi kuwachukua, nao wakafika Buganda mwezi Juni.

Miezi hiyo ya kungoja haina sanamu wala sherehe. Ni miezi ya homa, ya kujifunza majina ya vitu, ya kula kinachopatikana, ya kutegemea hisani ya mtu ambaye hana sababu yoyote ya kukuamini. Yesu aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili bila mfuko, wale walichopewa katika nyumba iliyowapokea. Nimesikia mahubiri mengi juu ya maneno hayo, na karibu yote yalimsifu anayetumwa. Mwenye nyumba hasifiwi. Na ni yeye aliyepunguza chakula cha wanawe usiku ule.

Kutoka Kageye, ng'ambo ya ghuba, ndiko Ukerewe iliko. Hapa palikuwa pamekwisha kumwagika damu ya wamisionari, ila si ya Wakatoliki. Waanglikana wawili wa shirika la kimisionari la CMS, Luteni Shergold Smith na Thomas O'Neill, walipokelewa na Omukama Lukonge, mtawala wa kisiwa, mwaka 1877. Mwezi Desemba mwaka huohuo wakauawa na watu wa Omukama huyohuyo. Ugomvi haukuwa wao. Lukonge alikuwa na kesi na Songoro, mfanyabiashara aliyekuwa na jahazi lake hapa kisiwani, na Songoro alipokimbilia kwa Waingereza, wao wakamkinga. Wakafa pamoja naye.

Nimelitafakari jambo hilo kwa miaka na bado halijanikalia vizuri. Kumkinga anayekimbia ni wajibu mtakatifu, kwa Mkristo na kwa Mkerewe vilevile. Lakini mgeni anayemficha mtu ndani ya boma la mwenyeji wake, dhidi ya mwenyeji wake, amekwisha kujifanya mwenye nyumba pasipo kusema. Vitabu vya kimisioni vilimwandika Lukonge kuwa katili. Pengine alikuwa katili. Watawala wa wakati ule, weusi kwa weupe, hawakuwa malaika. Ninachokiona mimi ni mtu aliyeulizwa, kwa vitendo na si kwa maneno, nani mwenye amri hapa, naye akajibu kwa njia mbaya kuliko zote alizokuwa nazo.

Mwezi Novemba 1882 Mapadre Weupe waliondoka Buganda, na mwaka 1883 wakafungua misioni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza. Huko ndiko Ukatoliki ulikoota mizizi upande wetu. Waganda Wakatoliki walipofukuzwa kwao mwaka 1888, baadhi walivuka ziwa kuja upande huu wa kusini, na imani ikaanza kuonekana ikiwa na uso wa Mwafrika mwenye hadithi ya kusimulia, aliyewaona wenzake wakichomwa Namugongo mwaka 1886.

Kuna kanuni moja ya Lavigerie inayonifanya nimsamehe mengi. Aliweka sharti kwamba anayetaka ubatizo asubiri miaka minne. Miaka miwili ya kwanza mtu alikuwa anasikiliza tu na kupimwa. Miaka miwili iliyofuata alikuwa mkatekumeni. Zama ambazo wengine walibatiza kwa kundi, kanuni hiyo ilionekana ya kijinga, na baadhi ya wamisionari wenyewe waliilalamikia. Mimi naiona ina adabu ndani yake. Padre alikuwa amengoja Kageye. Sasa mwenyeji naye anangojeshwa mlangoni mwa Kanisa. Wote wawili wamefundishwa kwamba kitu chenye thamani hakiingiwi mbio. Kitabu cha mwisho cha Biblia kinamchora Bwana akiwa nje, akibisha. Mwenye uwezo wa kuvunja mlango anabisha! Ukikaa na picha hiyo asubuhi nzima, ukiwa umetazama maji, unaanza kuelewa kwa nini watakatifu wengi walikuwa watu wa polepole.

Penye askari, hodi hufa. Mfano wa kwanza hauko mbali. Mwaka 1593 Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, taji la Ureno lilikuwa limevaliwa na mfalme wa Hispania, Philip II, na lilikaa na nasaba hiyo tangu 1580 hadi 1640. Jina la Yesu likaandikwa juu ya mizinga. Waagustino walikuwa na nyumba yao mjini, wakihubiri chini ya kivuli cha kuta hizo. Mtoto wa mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hassan, alipelekwa Goa, akabatizwa Jerónimo Chingulia, akalelewa kama Mreno, kisha akarudishwa kutawala mwaka 1626. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni, akarudi katika Uislamu wa baba zake, na Wakristo waliokataa kumfuata wakauawa, Wareno na Waafrika. Kanisa linawakumbuka kama mashahidi wa Mombasa, na ni haki waliliwe. Lakini mtoto yule hakuulizwa kama anataka kwenda Goa, na jambo hilo halina sikukuu.

Mfano wa pili uko mbali zaidi, California, mwaka 1769. Mfransisko Junípero Serra na Kapteni Gaspar de Portolá walifika San Diego katika msafara mmoja wa mfalme wa Hispania, padre na askari pamoja. Hadi mwaka 1823 zilikuwa zimejengwa misioni 21 kando ya bahari ile. Mwenyeji aliyebatizwa hakuruhusiwa tena kurudi kwao apendavyo. Akitoroka, askari walimfuata na kumrudisha. Papa Fransisko alimtangaza Serra mtakatifu mwaka 2015, na wazawa wa wenyeji wale wakapinga hadharani. Sina shaka Serra alikuwa mtu wa sala. Shaka yangu ni juu ya sala inayosaliwa huku mlango umefungwa kwa nje.

Nasi hatukunusurika. Tulichelewa tu. Mwezi Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitiliana saini, ziwa likakatwa kwa mstari, na mwaka huohuo Emin Pasha akapandisha bendera ya Kijerumani Bukoba. Katika miaka hiyo ya 1890 Mapadre Weupe wakaja Ukerewe na kujenga misioni ya Kagunguli. Mwaka 1895 Wajerumani walimwondoa Lukonge kwenye kiti, wakamweka Mukaka. Tangu hapo padre hakuwa tena mgeni anayeomba kiwanja. Hata akiwa mpole, hata akiwa anakula mihogo na furu kama sisi, nyuma ya kanzu yake palikuwa na kitu kingine, na kila mtu aliyempa kuku alijua hivyo. Zawadi na kodi zikaanza kufanana.

Hapo ndipo wengine hufunga kitabu na kutoa hukumu. Mimi hushindwa kukifunga, kwa sababu ya mtoto mmoja aliyeingia shule ya Kagunguli.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, mjukuu wa Omukama Machunda. Baba yake alifariki kwa ndui angali mdogo. Misioni ikamfundisha kusoma, kisha ikampeleka seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, alikokaa takriban miaka kumi akisoma Kilatini, Kigiriki, Kijerumani, falsafa na teolojia. Wenzake waliovuka mstari wa mwisho walipadrishwa: mapadre wa kwanza wazalendo wa nchi hii, mwaka 1917, na miongoni mwao wana wa Ukerewe. Kitereza hakuwa padre. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Walipata watoto, na watoto wote wakafa wangali wachanga. Kwa desturi ya zamani angetafutiwa mke mwingine, na kwa maneno ya watu angepaswa kumtafuta hata asipoambiwa. Hakuoa mwingine.

Kwa miaka ya Vita Kuu ya Pili akaandika, kwa Kikerewe, hadithi ya mume na mke wasiojaliwa mtoto, Myombekere na Bugonoka. Padre Mkanada, Almas Simard, alimtia moyo. Mwaka 1945 muswada ulikuwa umekamilika. Simard alijitahidi kuutafutia mchapishaji ng'ambo, akafa pasipo kufanikiwa. Muswada ukakaa. Ukoloni ukaondoka, na muswada bado umekaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gerald Hartwig, mwanahistoria Mmarekani aliyekuja kuchunguza biashara za kale za Wakerewe, alimkuta mzee huyo akiwa na kazi yake, naye akamshauri aiweke katika Kiswahili ili isomeke na wengi. Kitereza, mwenye umri uliopita miaka 70, akakaa akaitafsiri yote mwenyewe. Tanzania Publishing House iliichapa kwa juzuu mbili, ikiwa na tarehe ya mwaka 1980. Mwandishi alifariki 1981 kabla hajakishika kitabu chake mkononi.

Sasa angalia mambo yaliyomo. Mtu aliyelelewa na misioni tangu utotoni, aliyeandika kwa kalamu za misioni, aliyesali rozari maisha yake yote, amejaza mamia ya kurasa, na misioni haimo. Hamna padre, hamna bendera. Mna namna ya kulima, kuvua, kujenga, kufunga ndoa, kutibu, kuzika, kusalimu. Mna Namuhanga, Mwumbaji, akitajwa na watu ambao hawajahubiriwa na mtu, nao wanamtaja pasipo aibu, katika shida na katika shukrani. Wapo waliosema mzee alikuwa anaandika kumbukumbu tu isipotee. Siamini. Naona mtu aliyeifikiria nyumba ilivyokuwa kabla mgeni hajafika, akaona kwamba Mungu alikuwamo humo tayari, akasimulia bila kugombana na mtu.

Na simulizi linaanzia wapi? Ndugu za Myombekere wanamsimanga Bugonoka kwa utasa, wazazi wake wanamchukua binti yao. Myombekere anafunga safari kwenda kwa wakwe. Anafika, anakaa panapostahili, anazungumza kama inavyopasa, anavumilia maneno. Anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Anarudi kwao kuihangaikia, ndizi ziive, pombe ikomae, watu wa kuibeba wapatikane. Msomaji wa mjini hukasirika hapo. Kurasa nyingi za kuomba mke wako mwenyewe! Lakini Kitereza haharakishi, kwa kuwa kwake hiyo ndiyo hadithi: mwanamume mwenye haki ya desturi anakubali kusimama nje ya ua wa watu wengine mpaka wao waseme karibu. Mtoto, Ntulanalwo, anazaliwa baadaye sana, kisha binti, Bulihwali.

Nikisoma sehemu hiyo huwa nauona ufukwe wa Kageye. Sidai kwamba mzee alikusudia nifanye hivyo. Ila alikuwa ameishi na wamisionari wa kila aina, wanyenyekevu na wenye kiburi, chini ya Mjerumani na chini ya Mwingereza, na alijua kwa mwili wake tofauti ya mtu anayebisha na mtu anayeingia. Bila Kagunguli asingekuwa na karatasi wala herufi. Hilo ni deni, na alilikiri kwa kubaki Mkatoliki hadi kufa. Akalilipa kwa sarafu ambayo Kagunguli haikuitarajia.

Mwana mwingine wa kisiwa, Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944, alilipa kwa ukali zaidi. Alichukua jina la Mama Maria katika litania, Rosa Mistika, akampa msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo na kuangamia, mwaka 1971, na kitabu kikazuiwa mashuleni. Wengi waliona kufuru. Mimi nilisikia mtu aliyewahi kupiga magoti kwa dhati na sasa anauliza mbona mlango ule haukumfungukia binti huyu. Kati ya uvumilivu wa Kitereza na hasira ya Kezilahabi kuna umbali wa safari fupi ya baiskeli, na Ukerewe imewazaa wote wawili.

Tangu 2010 tuko chini ya Jimbo la Bunda. Mapadre ni watu wa hukuhuku. Wanajua bei ya sangara na wanajua nani amegombana na nani. Meli ya MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na watu zaidi ya mia mbili wakafa, hapakuwa na mgeni wa kutuambia maana yake. Tulizika, Wakatoliki, Wasabato, Waislamu, na wasio na dini ya kuandikwa, na sala zilisemwa kwa lugha ambayo mtu alikuwa nayo kinywani. Sikusikia mtu akiuliza ni ya nani.

Mwezi wa Novemba, mwezi wa marehemu, tunaandika majina ya wafu wetu waombewe katika Misa. Safari moja, baada ya majina ya nyumbani, niliongeza Lukonge. Katekista mzee aliyekuwa anapokea karatasi akaisoma hadi mwisho, akaniuliza jina lake la ubatizo. Nikamwambia, "Mwalimu, huyo hakubatizwa." Akauliza kama ni wa ukoo wangu. Nikasema hapana. Akaishusha miwani. "Lukonge yule? Omukama?" Nikaitikia. Akaniambia kwamba babu yake hakupenda kabisa litajwe jina lile mbele yake, kwa habari ya ng'ombe wa ukoo wao waliochukuliwa wakati ule, na kwamba kesi hiyo haijawahi kuisha. Kisha akauliza sadaka iko wapi, akaandika jina chini ya mengine, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.